Sauti nayo hufundishwa, usione haya kumtafuta mwalimu

Jioni moja nikiwa nyumbani Munje, nilisimama chini ya mnazi nyuma ya nyumba nikaanza kupuliza midomo itetemeke: brrrrr, kama boda inayokataa kuwaka. Nikapanda na sauti, nikashuka, nikapanda tena. Dakika kumi hivi. Nilipogeuka, nikamwona jirani yetu, mama mtu mzima, amesimama na ndoo yake ya maji akinitazama kwa huruma.

"Mwanangu," akaniuliza polepole, "kuna kitu kimekupanda?"

Nikamwambia hapana mama, mwalimu ndiye amenipa zoezi, najifunza kuimba. Hapo ndipo aliposhangaa zaidi. "Kumbe kuimba kunafunzwa? Na unalipa?"

Swali hilo la mwisho nimeulizwa mara nyingi tangu nianze masomo ya sauti, yale ya mwalimu mmoja na mwanafunzi mmoja. Nimeulizwa na mabeshte wa Ukunda, nimeulizwa na binamu zangu. Huku kwetu tunaamini kuimba ni kipaji, ama unacho ama huna. Kama unacho, mwalimu wa nini? Kama huna, mwalimu atakufanyia nini? Mimi nasema fikra hiyo inawamaliza waimbaji wetu. Na kama wewe unayesoma hapa umewahi kufikiria kuanza masomo haya ukaona haya, maneno haya ni yako.

Tazama Diani. Usiku ukiingia, vijana wetu wako kwenye mahoteli na mabaa wakiimba saa tatu, saa nne. Mgeni akitaka "Jambo Bwana", ule wimbo uliotolewa na Them Mushrooms mwaka 1982, wanaimba. Akitaka rege, wanaimba. Wanaimba juu ya kelele za watu na sahani, maiki yenyewe inakwaruza, na kesho wanarudia. Mwenzangu mmoja aliimba hivyo msimu mzima wa wageni. Koo likaanza kumuuma, akaambiwa atafune tangawizi. Sauti ikawa nzito, akaambiwa akaze, ndiyo kazi. Siku moja akaamka, akafungua mdomo, hakuna kitu. Alipopata nafuu wiki kadhaa baadaye, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Kipaji alikuwa nacho, tena kuliko mimi mara kumi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba koo kuuma ni onyo.

Sasa nikuulize. Kijana akienda kwa fundi wa madau kujifunza kazi, nani humcheka? Akienda kwa fundi cherehani, kwa fundi magari, tunampa hongera. Tunajua mwaka wa kwanza atashika kamba na kufagia vumbi la mbao, na tunaona sawa kabisa. Lakini akisema anakwenda kwa mwalimu wa sauti, ati ana pesa za kuchezea. Kuimba nako ni kazi ya mikono, ila hapa mikono yenyewe ni mapafu, koo, ulimi na sikio.

Na si jambo la kizungu, kabla hujaniambia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Mama yake alifinyanga vyungu, naye akavitembeza kuuza. Alihamia mjini mwaka 1911, na huko mwanamuziki mmoja aliyeivutiwa sauti yake akaanza kumfundisha kuimba. Mwaka 1928 Siti alikuwa Bombay akirekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert akaandika kitabu kizima juu ya maisha yake. Bi Kidude naye, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti. Hata leo Mji Mkongwe kuna shule, Dhow Countries Music Academy, iliyofunguliwa mwaka 2002, inayofundisha taarab na muziki mwingine kwa mwalimu na ratiba. Basi kama Siti alifundishwa, mimi na wewe ni nani?

Haya, tuseme umeshawishika, umempata mwalimu. Utarajie nini?

Siku ya kwanza utaulizwa maswali kuliko utakavyoimba. Unataka kuimba nini na kwa nini? Umewahi kupoteza sauti? Una pumu? Unavuta sigara? Unapiga kelele kazini? Usidanganye. Kama wewe ni kondakta wa matatu unayeita abiria "Likoni Likoni!" kutwa nzima, mwalimu anahitaji kujua kwa sababu sauti ni hiyo hiyo moja. Kisha atakaa kwenye kinanda, abonyeze noti, na wewe uifuate na "aaa", juu mpaka ikukatalie na chini mpaka ikukatalie. Anapima sauti yako inaanzia wapi na inaishia wapi. Huo si mtihani na hakuna anayefeli.

Halafu atakwambia uimbe wimbo wowote unaoujua. Hapo utatetemeka. Mimi niliyeimba harusini mbele ya watu wengi bila wasiwasi, wallahi nilishindwa kumwimbia mtu mmoja ndani ya chumba kidogo. Harusini kuna ngoma, kuna vigelegele, makosa yako yanafunikwa. Chumbani hakuna pa kujificha. Aibu hiyo huipata karibu kila mtu, na kwangu ilipungua kufikia somo la tatu.

Kuna aibu ya pili, kubwa zaidi. Atakurekodi kwa simu, halafu akusikilizishe. Utasema, "Huyo si mimi!" Ni wewe. Sauti yako mwenyewe huwa unaisikia kwa njia mbili: kupitia hewa, kama wanavyoisikia wengine, na kupitia mifupa ya kichwa chako, ambayo huifanya ionekane nene na nzito. Simu inanasa ile ya hewa peke yake. Kwa hivyo miaka yote hii umekuwa ukisikia sauti ambayo hakuna mwingine anayeisikia. Usikimbie. Jirekodi kila wiki na uweke tarehe, utanishukuru baadaye.

Kinachofuata ndicho kinachowafukuza wengi: mwezi wa kwanza unaweza kupita bila kuimba wimbo mzima. Utafundishwa kupumua. Utajiambia, mimi nimekuwa nikipumua tangu kuzaliwa, pesa zangu zinaliwa! Hebu jaribu hili sasa hivi. Simama, vuta pumzi, kisha itoe kwa "ssss" nyembamba isiyotikisika, ukihesabu. Wengi wetu tukivuta pumzi mabega yanapanda kama tunaogopa kupigwa, kifua kinakaza, na kufikia sekunde ya kumi tumeishiwa. Mwalimu anataka mabega yatulie, mbavu na tumbo ndivyo vifunguke, na hewa itoke kwa kipimo. Siku yangu ya kwanza nilifika sekunde kumi na mbili. Miezi mitatu baadaye nilipita thelathini. Hapo ndipo nilipogundua kwamba zile noti za juu nilizokuwa nikizipigania kwa koo, nilikuwa nikizikosa kwa sababu ya pumzi.

Ile brrrr ya midomo iliyomtisha jirani yangu nayo ina maana. Ndani ya koo kuna nyuzi mbili ndogo za sauti. Unapoimba noti ile ambayo wanamuziki hutumia kuweka vyombo sawa, nyuzi hizo hugongana mara 440 kwa sekunde moja. Sekunde moja! Sasa zidisha kwa shoo ya saa tatu. Ukitetemesha midomo, unaziamsha nyuzi hizo taratibu, bila kuzilazimisha, kama unavyoiacha injini iwake kabla ya kuondoka.

Kuna habari njema hapa. Kiswahili kinatupa mwanzo mzuri. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, na irabu zenyewe ni tano tu, safi: a, e, i, o, u. Wimbo unasafiri juu ya irabu, kwa sababu noti unaivuta kwenye "a", huwezi kuivuta kwenye "t". Halafu kuna "ng'" ya ng'ombe, sauti ambayo walimu wengi wa kuimba duniani huitumia kama zoezi. Wanafunzi wengine hufundishwa namna ya kuitoa, wewe unaitoa bila kufikiria.

Sasa tangawizi. Na asali, na ndimu, na mayai mabichi, na ile chupa ya maji ya kunywa haraka kabla ya kupanda jukwaani. Chochote unachomeza hupitia njia ya chakula, hakigusi nyuzi za sauti, ambazo ziko kwenye njia ya hewa. Chai ya tangawizi inaweza kukupa raha, kunywa tu, lakini usiiite dawa. Maji yanasaidia kweli, ila lazima yaingie mwilini kwanza, kwa hivyo ya kunywa ni ya tangu asubuhi. Mvuke wa maji ya moto ukiuvuta puani, huo unafika. Na kunong'ona si kupumzisha sauti, kunaweza kuichosha zaidi. Dawa ya sauti iliyochoka ni kunyamaza. Ikibaki imekwaruza zaidi ya wiki tatu, achana na ushauri wa kijiweni, nenda hospitali ukaangaliwe koo.

Nije kwenye jambo lililoniuma, na ambalo sijaona likizungumzwa.

Katika somo la nne niliimba kipande cha kasida niliyoijua tangu utotoni. Mwalimu wangu, mtu mzuri tu ila aliyesomea piano, akanisimamisha. "Noti hiyo iko chini kidogo." Nikarudia. "Bado." Nikaipandisha mpaka ikalingana na kinanda chake, akafurahi. Mimi sikufurahi. Kasida ilikuwa imekufa mdomoni mwangu.

Ilinichukua muda kuelewa. Kinanda cha kawaida kina sauti kumi na mbili tu katika kila oktava. Muziki uliotulea sisi, wa madrasa, wa maulidi, wa taarab ya zamani, una maqam za Kiarabu kama Bayati na Rast, na baadhi ya sauti zake huangukia katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Mwalimu wangu alikuwa na haki kwa kinanda chake, nami nilikuwa na haki kwa kasida yangu. Aliyekosea ni yule aliyetufanya tuamini kwamba kuna sikio moja tu.

Ndiyo maana nakwambia, usiingie darasani ukidhani huna kitu. Kama ulisoma madrasa, ulifundishwa tajwidi: herufi inatokea wapi kooni, irabu inavutwa kwa hesabu ngapi, sauti inapita puani lini. Hayo ni masomo ya sauti, tena uliyapata ukiwa mtoto. Kama ulikulia kwaya ya kanisa, ulifundishwa do re mi na kuisikiliza sauti ya pili bila kuiacha ya kwanza. Kama ulikaa karibu na wapiga sengenya, mapigo unayo mwilini. Mwambie mwalimu wako yote hayo siku ya kwanza. Nilipomwambia wangu, hakukasirika. Aliniomba nilete kasida nyingine, akafunga kinanda, tukafanya kazi ya pumzi peke yake. Mwalimu mzuri hurekebisha namna unavyoimba, na kama hajui muziki wako, atakubali kuusikiliza.

Dada zangu, na kaka pia, hapa naomba mnisikilize vizuri zaidi. Masomo haya huwa ya watu wawili chumbani. Mwalimu anaweza kutaka kuonyesha pumzi inafika wapi, mbavuni au tumboni. Aonyeshe kwenye mwili wake mwenyewe, au akwambie uweke mkono wako mwenyewe. Akitaka kukugusa, aombe kwanza, na wewe una haki ya kusema hapana bila kueleza sababu. Masomo ya mwanzo nenda na mtu, akae hapo hapo au mlangoni. Mlango ubaki wazi. Mwalimu anayekasirikia hayo amekupa jibu, chukua mkoba wako uondoke. Hakuna noti ya juu yenye thamani ya kuvumilia hilo.

Pesa sasa. Mimi nililipa shilingi elfu moja kwa somo la saa moja, mara mbili kwa mwezi, juu yake boda hadi barabara kuu na matatu hadi Ukunda, kwenda na kurudi. Kwa mtu aliyeacha chuo kwa kukosa karo, ilibidi niwaeleze watu wa nyumbani vizuri sana. Nilichojifunza ni hiki: usilipe miezi sita mbele, hata ukiahidiwa punguzo. Lipa somo moja, ujaribu. Kisha lipa manne, uamue. Nusu saa kila wiki inaweza kumfaa mwanafunzi mpya kuliko saa mbili kwa mpigo. Mwaweza pia kuwa wawili mkagawana saa na gharama. Na ukimkuta mwalimu anayekuahidi kukufanya staa kwa mwezi mmoja, au anayeimba yeye muda mwingi kuliko wewe, au anayesema maumivu ndiyo dalili kwamba unaendelea, huyo mwache.

Utasema video za bure mtandaoni zipo tele. Zipo, na nyingine ni nzuri, mimi bado nazitazama. Lakini video haikusikii. Haiwezi kukwambia kwamba kidevu chako kinapanda kila ukikaribia noti ya juu. Kwa wangu ilikuwa hivyo, na ilichukua jicho la mtu mwingine kuligundua, ndani ya dakika tano.

Ila jua kwamba kazi yenyewe iko nyumbani. Dakika kumi na tano kila siku zinashinda saa mbili za Jumapili. Na hapo ndipo shida yetu ya mjini inapokuja: ploti zenyewe kuta zake ni kama karatasi, ukianza "aaa" jirani anagonga. Tafuta mahali. Mimi Munje nina minazi na ufuo, maji yakitoka hakuna anayenisikia ila kaa. Ukiwa Ukunda, ongea na watu wa kanisa, wa ukumbi, wa shule saa ambazo hakuna mtu. Ukikosa kabisa, imba ukiwa umefunga mdomo, "mmmm", chini ya shuka. Inasaidia.

Na kama kwenu muziki hautakiwi kwa sababu ya dini, sitakwambia umdanganye mama yako. Mimi nilikaa na wangu nikamweleza ninajifunza nini na kwa nani, nikamwalika aje asikilize somo moja. Hakuja. Lakini aliacha kuuliza nauli inakwenda wapi, na siku moja nikamsikia akimwambia mtu kwamba siku hizi adhana ya kijana wake ina pumzi.

Miezi sita baadaye mimi si staa. Sina mkataba, sina video yenye watazamaji milioni. Nilichonacho ni kwamba naimba harusi nzima, na kesho yake asubuhi naweza kuzungumza. Najua sauti yangu inaishia wapi, kwa hivyo naomba bendi ishushe wimbo badala ya kujiua juu ya noti ya mtu mwingine. Ni mambo madogo. Lakini ni hayo madogo yaliyomtoa mwenzangu kazini.

Nilimpeleka kwa mwalimu wangu mwezi uliopita. Aliingia akiwa amekunja uso, mikono mfukoni, ati nimsindikize tu. Akaambiwa asimame, atoe "ssss". Akafika sekunde ya nane, akacheka mwenyewe, akasema, "Tena."

Wewe utaanza lini?